Treni si basi refu

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu alinipa lifti. Tulifika kwenye kivuko cha reli honi ikiwa imeshalia mara mbili, naye akakanyaga mafuta. Tulipokuwa juu ya reli niligeuza shingo nikakiona kichwa cha treni karibu kiasi cha kuona hadi waipa za kioo cha dereva. Tulivuka. Nikamwomba asimame pembeni kwanza, maana magoti yalikuwa yanagongana. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa mzee, si alikuwa anatuona? Angepunguza."

Nimefanya kazi ya njia ya reli miaka 23, nikianzia kwenye genge la kubadilisha mataruma, zile nguzo zinazolazwa chini ya reli, hadi ukaguzi wa njia kwa kiberenge, kigari kidogo cha reli, na kauli hiyo nimeisikia kwa namna nyingi sana. Wanaoisema si wajinga. Wanaipima treni kwa kipimo cha basi, kwa sababu basi ndilo wanalolipanda kila siku.

Ni kweli dereva anakuona. Lakini treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa inakula mita 33 kila sekunde, na ile ya kilomita 160 inakula mita 44. Gurudumu la chuma linaigusa reli kwa eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Udogo huo ni neema kubwa: ndio unaokiwezesha kichwa kimoja kuvuta mzigo wa msururu mzima wa malori kwa mafuta kidogo. Ila kitu kinachobingirika kirahisi namna hiyo hakisimami kirahisi. Treni ya abiria ikifungiwa breki zote za dharura bado inakwenda mamia ya mita, na ya mizigo iliyoshiba inaweza kupita kilomita nzima. Dereva hana usukani wa kukukwepa. Ana honi na ana breki, basi. Madereva ninaowajua waliowahi kugonga gari kivukoni hawazungumzii breki kabisa. Wanazungumzia sura waliyoiona kwenye dirisha la lile gari.

Na usitegemee masikio yako. Treni ya umeme inakuja kimya kuliko unavyodhani, hasa upepo ukivuma kuelekea kwake.

Kwa kuwa nimetaja usukani: wengi wanaamini treni haitoki njiani kwa sababu ya ule ukingo wa chuma ulio upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukingo huo ni mlinzi wa akiba, si kiongozi. Kinachoiongoza treni ni umbo la gurudumu lenyewe, ambalo ni nene kidogo upande wa ndani na jembamba kidogo upande wa nje. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja. Treni ikisogea kulia, gurudumu la kulia linakanyagia sehemu yake nene na la kushoto linakanyagia nyembamba, kwa hiyo la kulia linakwenda hatua ndefu kidogo na ekseli inajirudisha katikati. Kwenye kona ni hivyohivyo. Chukua vikombe viwili vya plastiki, vile vyenye mdomo mpana na kitako chembamba, uvigundishe mdomo kwa mdomo, halafu uvibingirishe juu ya fimbo mbili zilizolazwa sambamba kwa mteremko mdogo. Vitayumba kidogo na kujirekebisha vyenyewe hadi chini. Sasa vigundishe kitako kwa kitako ujaribu tena. Vinaanguka kabla ya nusu ya safari. Nilimwonyesha mpwa wangu jambo hili sebuleni, akarudia mpaka gundi ikaachia. Ukisikia magurudumu yanalia kwa ukali kwenye kona kali, hapo ndipo ukingo unasugua reli, na sisi watu wa njia tunajua kuna chuma kinaliwa.

Breki zina dhana yake pia, na hii inaumiza, kwa sababu kwetu Tanzania ina makaburi. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikaigonga ya mizigo, wakafa watu 281. Tangu hapo nimekutana na watu wanaoamini kwamba breki za treni ni kitu dhaifu: upepo uliobanwa unaozifunga ukiisha, mmekwisha. Mfumo wenyewe unafanya kazi kinyume na hivyo. Mvumbuzi Mmarekani George Westinghouse alipouboresha mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliugeuza kichwa chini. Bomba la upepo linapita treni nzima likiwa limejaa, na kila behewa lina tanki lake. Kujaa kwa bomba ndiko kunakoziachia breki. Upepo ukishuka kwenye bomba, kila behewa linachukua upepo wa tanki lake na kujifunga lenyewe. Mabehewa yakikatika njiani na bomba likapasuka, hakuna anayehitaji kukanyaga chochote. Vipande vyote viwili vinafunga.

Pa kuogopa ni kwingine. Upepo ule wa kwenye matanki na mitungi ya breki unavuja polepole. Treni iliyoachwa mlimani ikiwa imezimwa, inayoshikiliwa na upepo peke yake, iko kwenye mkopo wa muda. Ndicho kilichotokea Kanada mwezi Julai 2013, treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi ilipoegeshwa juu ya mji wa Lac-Mégantic. Injini ilizimwa, upepo ukapungua usiku, breki za mkono zilizokazwa hazikutosha, treni ikashuka yenyewe hadi katikati ya mji. Watu 47 walikufa. Kwa hiyo ukimwona mfanyakazi anatembea ubavuni mwa treni iliyosimama, anapanda behewa moja baada ya jingine kuzungusha gurudumu la breki ya mkono, au anaweka kabari, mwache amalize. Hiyo ndiyo kazi inayokuwezesha kulala.

Sasa SGR. Neno hili limekuja mjini na kubeba mizigo isiyo yake. Watu wanasema "treni ya SGR" wakimaanisha treni ya umeme, au treni ya kasi, au treni yenye kiyoyozi. SGR, yaani Standard Gauge Railway, ni upana tu, milimita 1,435 kutoka reli hadi reli. Reli ya Kati aliyoijenga Mjerumani, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. Dar es Salaam inazo zote tatu, na ndiyo maana behewa la TAZARA haliwezi kuingia Reli ya Kati hata mzigo uwe wa haraka namna gani. Pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, lazima shehena ihamishwe kutoka treni hadi treni.

Upana hauleti umeme. Wakenya walianza kusafiri Mombasa hadi Nairobi kwa SGR mwaka 2017, na vichwa vyao ni vya dizeli. Sisi tulianza Dar hadi Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, na zetu ni za umeme. Upana ni uleule. Ukitaka kuthibitisha upande wa pili, nenda Malaysia: kati ya Kuala Lumpur na Ipoh treni za umeme zinakwenda kilomita 140 kwa saa juu ya reli ya milimita 1,000, upana uleule wa Reli ya Kati. Reli yetu ya zamani haichelewi kwa sababu ni nyembamba. Inachelewa kwa sababu kona zake ni kali, zilipimwa kuzunguka vilima badala ya kuvikata, na kwa sababu njia inahitaji matunzo ambayo haikuyapata kwa miaka mingi. Hilo linanisikitisha nikisikia mtu anaiita chuma chakavu. Unapotunza njia, unanunua kasi.

Kuna pia lile la treni kusimama kwenye stesheni ndogo saa nzima na abiria kuanza kupigiana simu kwamba imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Njia ni moja, treni zinakuja na kwenda, na mahali pa kupishana ni stesheni tu, penye njia ya pili. Ya kwako ikiwahi na ya upande wa pili ikichelewa, wewe ndiye utakayengoja, kwa sababu haiwezekani ruhusa ya kipande kimoja cha njia itolewe kwa treni mbili. Hata SGR yetu sehemu kubwa ni njia moja. Kusubiri huko kunachosha, najua, nimekaa humo na watoto wanalia. Lakini mimi hulala vizuri nikijua kuna mtu amekataa kutupa ruhusa.

Waya wa juu wa treni za umeme nitausema kwa ufupi. Una volti 25,000, uwe na treni au usiwe na treni. Na si lazima uuguse: ukiusogelea mno, umeme unaruka. Usipande juu ya behewa, usipite chini ya waya na nondo au ngazi imesimama begani.

Nimeacha la mwisho lile ninalolijua zaidi, kokoto.

Watu wengi wanadhani kokoto za reli ni za kuzuia matope, au ni mabaki ya ujenzi. Na ule mlio wa tak-tak, tak-tak wa treni ya zamani wanadhani ni ubovu. Mlio ule ulikuwa gurudumu likiruka nafasi iliyoachwa makusudi kati ya kipande cha reli na kingine, ili chuma kipate pa kutanukia. Njia mpya imeunganishwa kwa kuchomelewa, haina nafasi hizo. Lakini chuma hakijaacha kutanuka. Nimepima reli alfajiri ikiwa na nyuzi 20, na saa nane mchana reli hiyohiyo ikawa na 55. Kilomita moja ya reli isiyofungwa ingerefuka sentimita 42 kwa tofauti hiyo, karibu dhiraa nzima. Haina pa kwenda. Nguvu yote inabaki ndani ya chuma, ikishikwa na vibanio, mataruma ya zege, na kokoto zilizojazwa kati ya mataruma na kwenye mabega ya tuta. Zile za mabegani zinazoonekana za ziada ndizo zinazozuia njia isisukumwe ubavuni. Zikipungua, siku ya jua kali reli inajikunja kama nyoka, na hujikunja kwa mpigo mmoja.

Miezi michache iliyopita, kwenye ukaguzi, nilimkuta kijana ndani ya hifadhi ya reli akijaza magunia. Alinisalimia kwa adabu, shikamoo kabisa, akaniambia ni kokoto za msingi wa choo cha mama yake, na kwamba amechukua za pembeni tu, hakugusa za katikati. Ilikuwa saa saba. Nikamwambia aweke kiganja juu ya reli. Akaweka, akakitoa upesi. Nikamweleza yale niliyoyaandika hapa, nikamwonyesha bega la tuta alilolichimba, mita kama nne, na ratiba ya treni ya jioni.

Magunia mawili aliyamwaga mwenyewe, nikamsaidia kusawazisha. La tatu lilikuwa limeshauzwa.