Fahali wa Borani si kilo tu

Mfugaji akinitafuta kuulizia fahali wa Borani, aina ya ng'ombe wa nyama wa Afrika Mashariki, mara nyingi swali la kwanza ni uzito. Namwelewa, kwa sababu nyama huuzwa kwa mizani. Ila Borani hakutengenezwa na mizani. Alitengenezwa na kiu na mwendo, na asiyelijua hilo hununua mnyama mzuri kisha akamharibu kwa uzalishaji usiomfaa.

Asili yake ni nyanda kavu za Waborana, kusini mwa Ethiopia hadi kaskazini mwa Kenya. Kiangazi kikikaza, maji ya huko hutoka kwenye visima virefu viitwavyo tula. Wanaume hujipanga ndani ya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wakirushiana vyombo vya maji hadi juu huku wakiimba. Kazi ni nzito mno, kwa hiyo ng'ombe hunyweshwa kila siku ya tatu, na katikati ya siku hizo hutembea mbali kufuata nyasi. Wanaokamuliwa hubaki karibu na nyumbani. Wengine, kundi la foora, hupelekwa mbali zaidi na vijana. Jike aliyeshindwa mwendo huo, au aliyekonda hadi akashindwa kushika mimba, hakuacha uzao. Mchujo huo umeendelea kizazi baada ya kizazi, na ndio siri ya Borani kula kidogo na bado akabaki na mwili: malisho yakipungua, naye hupunguza matumizi yake.

Kwa damu ni zebu mwenye nundu, ingawa vipimo vya vinasaba vimeonyesha pia mchango wa ng'ombe wasio na nundu, wa Afrika na wa upande wa Ulaya na Mashariki ya Karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Laikipia, Kenya, walianza kununua ng'ombe hawa na kuchagua wenye umbo la nyama. Chama cha wafugaji wa Borani kikaundwa Kenya mwaka 1951. Leo utamkuta kwenye ranchi za Tanzania, Uganda na Zambia, na kwa njia ya viinitete (mimba changa zinazopandikizwa kwa ng'ombe wengine) amefika Afrika Kusini na Australia. Yupo pia ndugu yake wa Waorma wa Mto Tana, mdogo kwa umbo lakini mvumilivu zaidi wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Majaribio yaliyofanywa kwenye ranchi ya Galana, Kenya, yalilionyesha hilo wazi, na mimi naona ni hazina tunayoipuuza.

Msogelee umtazame. Manyoya ni mafupi na yanang'aa, ngozi chini yake ni nyeusi na imelegea. Inzi akitua ubavuni, kipande kile kile cha ngozi hutetemeka na inzi akaruka, mnyama mwenyewe akiendelea kula. Kupe nao hupata shida kung'ang'ania ngozi ya namna hiyo. Borani pia hupenda kukaa na wenzake. Hawatawanyiki ovyo malishoni, na jioni huingia bomani bila fujo. Ndiyo maana Ol Pejeta, hifadhi ya wanyamapori ya Laikipia inayofuga pia ng'ombe, wanaweza kuwachunga mchana kwenye nyika yenye simba, kisha usiku wakawafungia kwenye maboma ya kuhamishika.

Jike mkubwa huwa na kilo 380 hadi 450 hivi, na ndama huzaliwa na kilo 25 hadi 30, kwa hiyo kuzaa kwa shida ni nadra. Baada ya hapo mama hamwachi mtoto wake. Huyu ndiye ng'ombe ninayetaka uhesabu faida yake: anayezaa, analea mpaka ndama aachishwe ziwa, kisha anapandwa tena akiwa kwenye nyasi tu.

Udhaifu anao. Huchelewa kukomaa, na ukimlisha nafaka pamoja na Charolais, ng'ombe wa nyama wa Ulaya, Charolais atamwacha kwa kasi ya kukua. Jambo la hatari zaidi ni ndigana kali. Borani aliyekulia mahali pasipo na ugonjwa huo akipelekwa kwenye kupe wanaoueneza hufa kama ng'ombe mwingine yeyote mgeni. Mchanje kabla ya safari, na uipe kinga muda wa kujengeka.

Ukienda kuchagua fahali, omba kwanza kumwona mama yake, na uulize amezaa mara ngapi na kwa kupishana miezi mingapi. Halafu angalia kwato, miguu ya nyuma anapotembea, korodani zilizolingana, na ngozi ya uume isiyoning'inia sana, maana ikining'inia huchanwa na miiba. Uzito uje baada ya hayo. Ukitaka ndama wa kuchinjwa wanaokua haraka, pandisha sehemu ya majike yako kwa fahali wa Charolais au Simmental na uuze chotara wote. Majike wa kurithi kundi wazaliwe na Borani halisi wa umbo la wastani, kwa sababu jike mkubwa kupita kiasi huhitaji nyasi nyingi zaidi, na mwaka wa ukame ndiye wa kwanza kukaa bila mimba.