Fani shirikishi za afya katika vyuo vya jamii Marekani: maana yake

Kwa Watanzania neno "shirikishi" si geni: limo kwenye jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Fani shirikishi za afya ni zile kazi za kitaalamu zinazomkamilishia daktari na muuguzi kazi yao: maabara, eksirei, tiba ya upumuaji, fiziotherapia, usafi wa kinywa na meno. Daktari akiandika "picha ya kifua", anayekusimamisha mbele ya bamba, akakuweka mabega sawa, akasema "vuta pumzi, ishike... haya, pumua", ni mtu wa fani hizi. Ukipumua kabla hajakuruhusu, picha inatoka na ukungu na daktari anakosa cha kusoma.

Marekani, wengi wao husomea chuo cha jamii. Usikichanganye na vyuo vyetu vya maendeleo ya jamii. Hiki ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake nafuu kuliko ya chuo kikuu, na hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Kikongwe kati ya vyuo hivyo kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901. Mhitimu hupata shahada ndogo, inayokaribiana na stashahada yetu, kisha hufanya mtihani wa bodi ya fani yake.

Wanapokwama ndugu zetu wengi ni hapa: kupokelewa chuoni si kupokelewa kwenye programu. Nafasi za programu ya mionzi, yaani eksirei, ni chache kwa sababu kila mwanafunzi lazima afanye mazoezi hospitalini, na hospitali haziongezeki eti kwa kuwa waombaji wamekuwa wengi. Kwa hiyo unaanza na masomo ya utangulizi, yaani anatomia na fiziolojia, hesabu, Kiingereza, pengine na mikrobiolojia, halafu unaomba upya, mara nyingi kwa kushindanishwa alama. Anatomia ndiyo inayochuja watu. Anayetunza wazee zamu ya usiku, kisha akaibeba pamoja na masomo mengine matatu muhula mmoja, anajionea. Naomba sana, kama unafanya kazi, isome peke yake. "Miaka miwili" itakuwa mitatu au minne, na hakuna aibu hapo.

Cheti cha msaidizi wa muuguzi, ambacho sheria ya shirikisho inadai angalau saa 75 za mafunzo, ni kitu kingine kabisa. Kinakupa kazi haraka, lakini hakikupunguzii miaka hiyo ya masomo.

Jambo la mwisho ni ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba mafunzo yanakidhi viwango, na si ya chuo tu, bali ya programu yenyewe. Kila fani ina chombo chake cha kutoa ithibati: kwa programu za tiba ya upumuaji ni CoARC. Wasaidizi wa fiziotherapia, CAPTE. Ukisoma programu isiyo na ithibati hiyo, unaweza kumaliza yote ukazuiwa mlangoni mwa mtihani. Orodha ziko wazi kwenye tovuti zao. Tafuta jina la chuo chako humo kabla hujaenda kulipa.