Kulaza ukurasa mmoja katikati ya tasnifu

Jedwali la safu 12 halienei kwenye A4 iliyosimama. Wengi hupunguza herufi hadi saizi 6, na msomaji akabaki kukodoa macho. Laza ukurasa huo, kurasa nyingine ziache wima.

Word huhifadhi mwelekeo wa karatasi kwa kila sehemu ya hati. Kama hujaigawa hati, ukichagua Landscape hati nzima inalala. Kwa hiyo weka kishale mwishoni mwa aya iliyo kabla ya jedwali, fungua Layout, bofya Breaks, kisha Next Page iliyo chini ya Section Breaks. Ile Page ya juu kabisa haifai, kwani inaanzisha ukurasa mpya tu. Rudia baada ya jedwali, halafu bofya ndani ya jedwali na uchague Landscape. Ukitaka haraka, teua jedwali na kichwa chake, fungua dirisha la Page Setup, chagua Landscape, na kwenye Apply to weka Selected text: mikato yote miwili ya sehemu (Section Breaks) itajiweka.

Washa alama ya ¶, inayoonyesha mikato iliyofichika, muda wote unapofanya kazi hii. Mkato ndio unaobeba mipangilio ya sehemu iliyoutangulia, kwa hiyo ukifutwa, maandishi ya juu yake huchukua mipangilio ya sehemu ya chini. Ndiyo maana ukifuta mkato wa kwanza, sura nzima iliyokuwa wima hulala. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo.

Ukiona ukurasa mtupu baada ya jedwali lililojaa, sababu huwa ni aya tupu iliyo chini yake, kwani Word hulazimisha iwepo aya baada ya kila jedwali. Imekosa nafasi ikasukumwa mbele. Ipe saizi 1 na nafasi 0 juu na chini.

Kijajuu na kijachini (header na footer) ndivyo vinavyosumbua zaidi. Kwa A4 yenye pambizo la sentimita 2.54 kila upande, mstari wa maandishi kwenye ukurasa wa wima una sentimita 15.92 na kwenye wa mlalo 24.62. Tabo ya kulia, inayopeleka namba ya ukurasa ukingoni, hubaki pale pale kwenye 15.92, na namba inaonekana kuelea katikati. Zima kwanza Link to Previous kwenye sehemu ya mlalo na pia kwenye sehemu inayoifuata, vinginevyo utakachobadilisha kitaenea hadi mwisho wa hati. Kisha tumia Insert Alignment Tab, ambayo hufuata pambizo. Namba zikianza upya kwenye 1, chagua Continue from previous section.

Tasnifu itakayofungwa jalada ina jambo lake. Juu ya ukurasa uliolala huelekea upande wa mshono, hivyo pambizo la kushoto la sentimita 4 linatakiwa liwe la juu. Word huzungusha pambizo yenyewe unapobadili mwelekeo, lakini kagua. Namba ikitakiwa chini katikati kama kurasa nyingine, fungua kijachini cha sehemu ya mlalo, futa namba iliyopo, chora kisanduku cha maandishi katikati ya ukingo wa kushoto, weka humo Page Number ya Current Position, na uchague Rotate all text 90°.

LibreOffice Writer hutumia mitindo ya kurasa: ingiza mkato wa ukurasa wenye mtindo wa Landscape, na baada ya jedwali mwingine wenye Default Page Style. Acha kisanduku cha namba ya ukurasa bila kuwashwa, hesabu iendelee.