Wanyama wa Milimani na Dhana ya Kupanda Juu

Imezoeleka kuelezwa kwamba joto likizidi, wanyama wa milimani huhamia juu zaidi na kuendelea na maisha yao. Ni kweli kwamba hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na ndege wa misitu ya Usambara wameonekana wakisogea juu katika miongo ya karibuni. Hata hivyo, Usambara Mashariki haizidi sana mita 1,500, na ndege wengi waliozoea kivuli cha chini ya miti husita kuvuka mashamba yanayoukatakata msitu huo, hivyo mpaka wao wa chini hupanda bila ule wa juu kusogea kwa kiasi hicho hicho, na makazi yao hubanwa.

Wengine hutegemea zaidi kujificha. Pimbi wa Mlima Kenya, ambaye mwili wake haumudu vyema kudhibiti joto lake, huota jua asubuhi kisha hujificha katika nyufa za miamba, ambamo halijoto hubadilika kidogo kuliko nje. Hali hiyo haionekani kwa urahisi katika vipimo vya kawaida vya hali ya hewa, vinavyopima hewa ya mahali pa wazi.