Mfuko wa salfa na vipeo vya kumi

Msimu uliopita wa kupulizia mikorosho nilimkuta mjomba wangu huko Tandahimba amechuchumaa mbele ya mfuko wa salfa ya unga, anafinya madonge kwa vidole. Mfuko ulikaa sakafuni ukanywa unyevu. "Mpwa wangu," akaniuliza, "kilo si zilezile 25? Hasara iko wapi?"

Nafundisha fizikia hapa Mtwara. Swali lile nikalibeba hadi darasani.

Salfa huzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, pale inapotanda juu ya maua na majani machanga, kwa hiyo uzito peke yake hautoshi. Tunataka kujua uso wa chembe zote ukijumlishwa ni mkubwa kiasi gani. Kwenye hadubini chembe nyingi zilikuwa na kipenyo cha karibu mita 0.00004. Mwanafunzi mmoja akazidisha namba hiyo kwa yenyewe kwenye kikokotoo kidogo cha dukani, kile cha tarakimu nane. Kikaonyesha 0. Sifuri zimejaza kioo, tarakimu yenyewe imekosa nafasi.

Ndiyo maana nasisitiza namba ndogo au kubwa mno iandikwe kisayansi: tarakimu moja isiyo sifuri kabla ya nukta, kisha mara kumi yenye kipeo, ile namba ndogo ya juu inayoonyesha nukta imesogea hatua ngapi. Kipenyo chetu kinakuwa 4 × 10⁻⁵. Kwanza tutafute idadi ya chembe. Kipenyo mara kipenyo mara kipenyo: 4 × 4 × 4 ni 64, vipeo vinajumlishwa kuwa −15, basi 6.4 × 10⁻¹⁴. Tukiichukulia chembe kama tufe, tunazidisha kwa 0.52 kupata ujazo, halafu kwa densiti ya salfa, karibu kilo 2 × 10³ kwa kila mita ya ujazo. Chembe moja ina kilo 6.7 × 10⁻¹¹ hivi. Gawanya kilo 25 za mfuko, yaani 2.5 × 10¹, kwa hiyo: mfuko una chembe 3.7 × 10¹¹, bilioni 370.

Siandiki tarakimu zaidi ya mbili. Kipenyo kikiwa nusu ya tulichopima, idadi inazidi mara nane, kwa hiyo 3.731 ingekuwa kudanganya.

Sasa uso. Kila chembe ina uso wa takriban mita za mraba 5 × 10⁻⁹. Kwa mfuko mzima ni 1.9 × 10³, karibu nusu ekari. Madonge ya mjomba yalikuwa na upana wa milimita 4, yaani 4 × 10⁻³. Kipenyo kimepanda kwa vipeo viwili, na kwa uzito uleule uso wote unashuka kwa vipeo viwili: 1.9 × 10¹. Mita za mraba 19, sakafu ya chumba kimoja.

Nilimpigia simu jioni ileile. Hakuniuliza habari za vipeo, aliuliza tu hicho chumba kina ukubwa gani. Nikamwambia kama sebule yake. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita kijana alete mbao za kuinulia mifuko iliyobaki.