Taa ya mafuta imewaka ukiwa Ngata, utafika Mau Summit?

Simu ya aina hii napata karibu kila wiki na mara nyingi ni jioni. Juzi alikuwa ni mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ako na Probox, ananipigia akiwa amepita Salgaa kidogo, kwa ile barabara ya kupanda kutoka Nakuru kwenda Mau Summit, "Fundi, gari imezima tu yenyewe, stata inazunguka lakini haishiki."

"Mwalimu, mafuta iko?"

"Iko bwana, taa imewaka tu saa ile napita Ngata, na hiyo taa mimi huwa napiga nayo hata kilomita themanini."

Nikamwambia awashe switchi bila kupiga stata, asikilize upande wa tenki kama kuna kitu kinalia zzz kwa sekunde mbili hivi. Inalia. Basi pampu iko hai, ni tenki imekauka. Nikachukua mtungi wangu wa lita tano nikadandia matatu.

Sasa hizo themanini alizitoa wapi? Nilimuuliza tukiwa pale kando ya barabara, malori yakitupita kwa karibu mpaka gari inatingika. Kumbe mwaka jana alitoka Kericho taa ikiwa imewaka, akafika Kisumu, na tangu siku hiyo akaamua hiyo ndio hesabu ya gari yake. Lakini Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Kisumu iko kama 1,130, yaani sehemu kubwa ya hiyo safari unateremka kuelekea ziwani, mguu umepumzika, injini karibu haifanyi kazi. Kutoka Nakuru kwenda Mau Summit ni kinyume, unaanzia kama 1,850 halafu ni kupanda tu, na nyuma ya lori la ngano uko gia ya pili. Gari ni ile ile, lita ni zile zile, kilomita zinaweza kupungua karibu nusu.

Ndio maana mtu akiniuliza taa ikiwaka nitaenda kilomita ngapi mimi simpi namba. Namuuliza gari yake inabakisha lita ngapi taa ikiwaka, na hapo wengi wananyamaza.

Ndani ya tenki kuna floti, kitu kama boya dogo limeshikwa na mkono wa waya, mafuta ikishuka nalo linashuka na ule mkono unasugua kibao cha umeme ambacho kinaiambia geji kiasi kimebaki. Ni hivyo tu, hakuna kitu cha ajabu. Sasa boya linaelea, kwa hivyo ukipanda mlima mafuta inakimbilia nyuma, ukishuka inakuja mbele, na geji inasoma kulingana na mahali boya limefungwa. Ile taa inayowaka ukifunga breki na kuzima ukifika tambarare haijaharibika, inakuambia umefika mpakani. Na hapa ndio mwalimu alikubali ukweli: hiyo taa haikuwaka Ngata. Ilianza kuwaka na kuzima tangu Alhamisi akizunguka nayo mjini, shule, sokoni, nyumbani Kiamunyi, Ngata ni pale tu ilikataa kuzima.

Gari nyingi ndogo za Japani taa huwaka kukiwa kumebaki kama lita sita mpaka nane, kitabu cha gari huwa kinaandika lakini nani ako na kitabu, na kama kiko ni cha Kijapani. Kwa hivyo pima mwenyewe. Siku taa imewaka na imekataa kuzima, nenda moja kwa moja ujaze tenki mpaka ile nozeli ijizime yenyewe, usimwache kijana wa pampu aongeze ya kusukuma. Chukua ukubwa wa tenki, toa lita zilizoingia, hicho kinachobaki ndio akiba yako. Toa lita moja tena kwa sababu ile ya chini kabisa pampu haiwezi kuifikia vizuri, halafu zidisha na ulaji mbaya wa gari yako, sio ule unaojisifia nao kwa marafiki. Kama kupanda inakupa kilomita tisa kwa lita basi ni tisa. Na zile gari zina kompyuta inakuandikia kilomita zilizobaki, hiyo inapiga hesabu na vile umekuwa ukiendesha hapo nyuma, haijui mlima uko mbele, nimeona ikisoma 60 mtu akianza kupanda na baada ya kilomita kumi inasoma 30.

Kuna hii stori kwamba ukiendesha na mafuta kidogo pampu inavuta uchafu wa chini. Ukweli pampu huvuta kutoka chini siku zote, hata tenki ikiwa imejaa, na iko na chujio. Shida yenyewe ni joto. Pampu za siku hizi zinakaa ndani ya petroli na hiyo petroli ndio inazipoza na kuzilainisha, ukizoea kutembea na za mia tatu mia tatu kila siku pampu inafanya kazi ikiwa moto na inakufa kabla ya siku zake. Naelewa bei, wakati ule petroli ilifika shilingi 217 kwa lita Oktoba 2023 hata mimi nilikuwa naweka ya kuhesabu. Lakini pampu mpya pamoja na kazi yangu ni mafuta ya wiki nyingi.

Za dizeli ni mbaya zaidi. Petroli ikiisha unamimina unaondoka, dizeli ikiisha hewa inaingia kwa mabomba na itabidi uipampu na mkono pale juu ya filta mpaka iwe ngumu, wakati mwingine ulegeze nati za injekta, zile zinanyunyizia injini mafuta, hewa itoke, na hizi dizeli za kisasa za komon reli pampu yake ya presha inalainishwa na hiyo hiyo dizeli, ikizunguka kavu inajisaga na vyuma vyake vinaenda mpaka kwa injekta. Hiyo bili sitaki hata kuiandika.

Kitu kinanitisha kabisa ni watu wa kushuka fri. Unatoka Mau Summit unateremka Sachangwan, taa imewaka, unatoa gia eti unaokoa mafuta. Gari ya injekta ukiwa ndani ya gia na umetoa mguu kwa mafuta, kompyuta inafunga injekta, inakula sifuri. Ukiweka fri injini inabidi ijilishe yenyewe isizime. Kwa hivyo unatumia zaidi, na umepoteza injini ya kukushikilia. Na ikizima kabisa hapo, breki itabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili halafu inakuwa jiwe, stelingi inakuwa nzito, na ukichomoa ufunguo inajifunga. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu, usiachilie, toka kando.

Na tafadhali usinyonye petroli na mpira kwa mdomo, na usiimimine mtu akivuta sigara karibu. Sachangwan hapo hapo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaua zaidi ya 100.

Mwalimu nilimmiminia zote tano, kwa sababu gari ilikuwa imeinama kwa mlima na lita moja ingekaa kona ingine pampu isiione. Tukafungua switchi na kuzima mara tatu ili laini ijae, ya nne ikashika. Juzi Jumamosi alikuja amejaza kama nilivyomwambia, tenki ya 50, ziliingia 43.2. Amekata kipande cha selotepu nyeupe akaandika na biro 6.8, ameibandika chini ya geji, na kando yake ameandika kwa herufi ndogo: "kupanda toa mbili".