Wamesaini tena: masikilizano ya amani yanasomwaje?

Mwisho wa Juni 2025, habari za mkataba wa Kongo na Rwanda uliosainiwa Washington zikiwa bado moto redioni, mama mmoja anayeuza fromaji (jibini) ya Masisi huku Goma, mashariki mwa Kongo, alinisimamisha njiani. "Mwalimu, wamesaini. Sasa njia ya Masisi iko wazi?" Halikuwa swali la siasa, mali yake inatoka huko. Nilimjibu bado, naye akanitazama kama mtu aliyesoma bure.

Sisi tunaofundisha sheria ya kimataifa tuna deni kwa mama huyo, kwa sababu jibu lake lilikuwa wazi kwenye karatasi yenyewe. Mkataba wa tarehe 27 Juni ulitiwa saini na mawaziri wawili wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda. Ni mkataba wa dola na dola. AFC/M23, waasi walioshika Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, hawakuwa mezani, na mkataba humfunga aliyeweka saini.

Wao walikuwa na meza nyingine, Doha, Qatar ikiwa mpatanishi. Huko walisaini na Kinshasa tamko la kanuni tarehe 19 Julai, kisha tarehe 15 Novemba mkataba wa mfumo, yaani fremu inayojazwa na itifaki nane. Siku ile ni mbili tu zilizokuwa zimeshakubaliwa: ya kubadilishana wafungwa na ya kukagua usitishaji wa mapigano. Fikiria nyumba zetu za mbao juu ya mawe ya volkano: nguzo zimesimama, mbao hazijapigiliwa, na mvua haingoji fundi.

Kwa nini meza mbili? Watu wengi hudhani ni uzembe wa mabalozi. La. Kinshasa ilikataa kwa muda mrefu kukaa na M23, ikiwaita magaidi. Kigali nayo ilikana kwamba jeshi lake linapigana upande wao, ingawa wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kinyume, na Baraza la Usalama, katika azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, liliitaka Rwanda iondoe askari wake Kongo. Ukiita vita hivi vya wenyewe kwa wenyewe, umempendeza mmoja. Ukiviita vita vya nchi mbili, umempendeza mwingine. Kazi ya kwanza ya mpatanishi ni kutafuta kiti ambacho kila mtu atakikalia bila kuonekana ameshindwa. Kiti hicho kilikosekana Luanda tarehe 15 Desemba 2024: Rwanda ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza na M23 ana kwa ana, Kinshasa ikakataa, na mkutano wa marais aliouandaa Rais João Lourenço wa Angola ukavunjika. Wiki sita baadaye vita vilikuwa ndani ya Goma.

Saini ya wakubwa zaidi nayo haitoshi. Tarehe 4 Desemba 2025 marais Tshisekedi na Kagame walikwenda wenyewe Washington. Haikupita wiki, AFC/M23 wakaingia Uvira, mji wa Kivu Kusini.

Sisi hapa tusingepaswa kushangaa. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilisaini masikilizano na CNDP, kundi la waasi la wakati huo, mjini humu humu. Miaka mitatu baadaye, askari waliosema hayakuheshimiwa waliasi na kujiita kwa tarehe hiyo: M23. Sijui kama kuna mji mwingine ambako tarehe ya amani iligeuka jina la vita.

Msaada kwa raia, hata hivyo, una sheria yake, na hapa ndipo ninaposikia makosa mengi zaidi. Kifungu cha 3, kinachopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, kinaruhusu shirika lisilopendelea upande, kama Msalaba Mwekundu wa kimataifa, kutoa huduma yake kwa kila upande unaopigana. Kinaongeza sentensi fupi yenye thamani kubwa: kukitekeleza hakubadili hadhi ya kisheria ya upande wowote. Kwa hiyo anayeongea na mwenye kushika barieri (kizuizi cha barabarani) ili dawa zipite hajamtambua kuwa serikali. Wala hana haja ya kungoja amani.

Tuliona wenyewe. Kuanzia tarehe 30 Aprili 2025, Msalaba Mwekundu ulisindikiza mamia ya askari na polisi wa Kongo waliopokonywa silaha, pamoja na jamaa zao, kutoka kambi ya Monusco, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, hapa Goma hadi Kinshasa. Hapakuwa na mkataba wowote wa amani. Palikuwa na jambo moja dogo ambalo pande zote zilikubaliana, na mtu wa katikati ambaye hakuna aliyemwogopa.

Linganisha na uwanja wetu wa ndege, uliofungwa kwa mapigano ya Januari 2025. Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Macron alitangaza kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada, na wafadhili wakaahidi zaidi ya yuro bilioni 1.5. Nia ilikuwa njema. Lakini walioushika uwanja hawakuwa ukumbini, nao wakajibu kwamba hawakuulizwa. Ndege hutua kwa ruhusa ya aliyeko kwenye njia yake, na pesa hazichukui nafasi ya ruhusa hiyo.

Mama wa fromaji bado hunisimamisha, ila swali amelibadilisha. Juzi redio ilipotaja kikao kingine, aliniuliza: "Mwalimu, hao wanaosaini wako na watu Sake, pale kwenye njia ya Masisi?"